Kutoka Nakivale hadi Bunagana: Barabara Ipandayo Kwenye Baridi

Uganda haina bahari. Mtu aliyezaliwa Tanga au Mombasa, akiambiwa kwamba katika nchi hiyo iko safari ya gari yenye pwani, milima, ukungu na baridi ya kutia meno mtetemo, pengine atacheka. Lakini safari hiyo iko, nayo huanzia mahali ambapo watalii hawapafikirii hata kidogo: katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa nchi. Kutoka hapo hadi Bunagana, mpakani mwa Kongo, ni mwendo unaokaribia kilomita 300, na dereva mzuri aweza kuumaliza kwa siku moja. Pwani zake ni za maziwa, na milima yake ni miongoni mwa ile mirefu ya Afrika.

Ni jambo la kustaajabisha kwamba barabara hii imeandikwa sana na wageni waendao kutazama masokwe, na kidogo mno na watu waliopita humo kwa wingi zaidi kuliko wageni hao wote. Hao ni wakimbizi, nao hupita kwa upande wa pili: hutoka mlimani na kushuka Isingiro. Katika makala haya tutaifuata njia yao kinyumenyume.

Tuanze Nakivale. Makazi haya yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, na kwa hiyo yanahesabika miongoni mwa makazi ya wakimbizi yaliyo ya kale kabisa barani Afrika. Wakazi wake wa kwanza walikuwa Wanyarwanda, ambao wengi wao walikimbia machafuko yaliyoanza nchini mwao Novemba 1959. Leo waliomo ni zaidi ya laki moja na nusu, na walio wengi ni Wakongo. Kisha wako Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Eneo lote hukisiwa kuwa kilomita za mraba 185, nalo limezizunguka fukwe za ziwa ambalo ndilo lililoyapa makazi hayo jina.

Mgeni anayetazamia kuona mahema na seng'enge atatahayari. Nakivale ni vijiji vilivyotawanyika juu ya vilima vya majani makavu, vyenye nyumba za udongo na mabati, mashamba ya mahindi na maharage, misikiti, makanisa, na maduka ya Wasomali pale makao makuu ambapo mtu hununua sukari, simu na kanga. Lugha ya sokoni ni Kiswahili, tena Kiswahili cha Kivu, chenye kuburuza maneno ya Kifaransa kama mtu aburutaye gunia. Katika Uganda, ambayo baraza lake la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mnamo Julai 2022 baada ya miaka mingi ya kusitasita, si mahali pengi ambapo lugha hii imeota mizizi pasipo kushurutishwa na serikali. Nakivale ni mojawapo.

Ziwa Nakivale lenyewe ni la kina kifupi, na kando zake zimefunikwa na mafunjo. Maji yake yana undugu na yale ya Mburo na Kachera, nayo yote hulishwa na mto Rwizi ushukao kutoka vilima vya Buhweju. Asubuhi mitumbwi hurudi na sato, na korongo husimama majini kana kwamba wanalinda zamu. Hii ndiyo pwani ya kwanza ya safari yetu. Ni pwani ya joto, yenye vumbi na mbu, kwa maana Isingiro iko katika ule ukanda mkavu wa wafugaji, na mvua zikikawia, mahindi huungua kabla hayajatoa mbelewele.

Gari likiyaacha makazi huvuka barabara za vumbi hadi likutane na lami itokayo Kikagati, kwenye mto Kagera. Kutoka hapo mashamba ya migomba hutawala macho kushoto na kulia. Isingiro ni ghala la ndizi la Uganda. Malori hushindiliwa mikungu mibichi hadi chasisi zikalia, yakaelekea Mbarara na Kampala. Isingiro ilipata kuwa wilaya mnamo mwaka 2005 tu, ilipokatwa kutoka Mbarara, na makao yake makuu ni Kabingo. Kwa msomaji wa Tanzania, barabara hii ina kumbukumbu nyingine. Katika Vita vya Kagera, upande huu wa magharibi ndiko kulikopita brigedi iliyoongozwa na Silas Mayunga, na Februari 1979 mji wa Mbarara ulitekwa. Wazee wa mji husema juu ya majengo yaliyobomolewa wakati ule kwa namna ambayo watu husema juu ya mafuriko: yalikuja, yakapita, tukajenga tena.

Mbarara leo ni jiji. Ilipandishwa hadhi hiyo tarehe 1 Julai 2020, na tangu mwaka 1989 ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Iko mita 1,400 na kidogo juu ya usawa wa bahari, na hali yake ya hewa ni ya wastani. Hapa ndipo msafiri hushauriwa kula vizuri: nyama ya kuchoma, matoke, na mchuzi mweupe wa samli uitwao eshabwe, ambao Wanyankole huutengeneza kwa ustadi na kuuonea fahari. Ng'ombe wao wa pembe ndefu nao ni fahari nyingine. Ukiona kundi lao likivuka barabara wakati jua linapotua, hao wekundu wa rangi ya kahawia wakiinua pembe kama matawi ya miti, utazima injini bila ya kuambiwa.

Kutoka Mbarara njia huelekea kusini-magharibi. Hii ni sehemu ya ile barabara kuu itokayo Mombasa, ipitayo Nairobi na Kampala, hadi Kigali. Ndiyo maana malori ya matangi na makontena hayakatiki. Hadi Ntungamo nchi ni ya vilima vya mviringo, malisho na migomba, na haina haja ya kusemwa sana. Ntungamo kuna njia panda: moja huenda kulia hadi Rukungiri, nyingine hukata kushoto hadi Mirama, mkabala na Kagitumba ya Rwanda. Hapo Kagitumba ndipo walipovuka wapiganaji wa RPF tarehe 1 Oktoba 1990. Wengi wao walikuwa wana wa wakimbizi wale wale wa mwaka 1959, waliokulia katika makambi ya Uganda. Fred Rwigyema, aliyewaongoza na kuuawa mwanzoni mwa vita hivyo, alilelewa katika makambi hayo, na Paul Kagame, Rais wa Rwanda wa leo, vivyo hivyo.

Tena, wasomaji wasidhani kuwa wakimbizi hao walikaa raha mustarehe muda wote. Oktoba 1982, katika utawala wa pili wa Milton Obote, maelfu ya watu wenye asili ya Rwanda walifukuzwa katika mashamba yao ya Ankole. Ng'ombe walinyang'anywa, nyumba zikachomwa, na watu wakasukumwa kuelekea mpakani au kurudi katika makazi kama Nakivale. Walikuwamo waliokwisha kuishi hapo miaka zaidi ya 20, na walikuwamo wananchi halisi wa Uganda waliochanganywa nao kwa sababu ya lugha tu. Barabara hii tuliyomo ilibeba msafara huo. Hakuna kibao kinachosema hivyo.

Baada ya Ntungamo nchi hubadilika. Vilima hukaribiana, mabonde huwa membamba, na gari huanza kupumua kwa tabu. Huu ndio mlango wa Kigezi. Ukifika Muhanga tayari utaona watu wamevaa makoti saa nne ya asubuhi, na wanawake wamejifunga mablanketi mabegani. Mikaratusi imepandwa juu ya vilele, na chini, katika mabonde yaliyokuwa mafunjo matupu, kuna mifereji, malisho na vitalu vya kabichi. Kati ya vilele na mabonde ndiko iliko kazi kubwa ya mikono ya Wakiga: matuta ya ngazi, moja juu ya jingine, toka chini hadi juu kabisa, yakiwa na mtama, maharage, mbaazi na viazi mviringo. Kwa mbali kilima kizima huonekana kama mkeka uliosukwa kwa ukindu wa rangi nyingi.

Matuta hayo yana historia yake. Wakiga walikuwa wakilima kwa kukingama mteremko tangu kale, lakini katika miaka ya 1940 bwana shamba wa serikali ya kikoloni, J. W. Purseglove, alisimamia kampeni kubwa ya kuyaeneza, kwa sababu watu walikuwa wengi kuliko ardhi na udongo ulikuwa ukiporomoka kila masika. Hata hivyo matuta hayakutosha. Kuanzia mwaka 1946 familia nyingi za Wakiga zilihamishwa kwa mpango kwenda kaskazini mwa Kigezi, na baadaye Ankole na Toro. Kwa hiyo hata kabla ya mkimbizi wa kwanza kuwasili Nakivale, watu wa baridi walikuwa wamekwisha kuteremka kutafuta shamba katika joto.

Kabale, mji mkuu wa Kigezi, uko juu kiasi cha kukaribia mita 2,000. Usiku kipimajoto huweza kushuka hadi nyuzi 10, na alfajiri bonde lote hujaa ukungu mzito kiasi kwamba taa za malori huonekana kama macho ya paka. Katika mikahawa midogo, hapana haja ya kuuliza kilichopo: kuna chai ya maziwa yenye tangawizi, viazi, na bushera, uji wa mtama ambao mtoto hupewa mtamu na mkubwa hupewa uliochachuka. Kilomita 20 na ushei kusini ni Katuna, mpaka wa Rwanda, uliofungwa tangu Februari 2019 hadi tarehe 31 Januari 2022 kwa sababu ya uhasama wa serikali mbili. Wafanyabiashara wa Kabale hawajausahau muda huo.

Wageni hupenda kuiita Kigezi Uswisi ya Afrika. Kwa maoni ya mwandishi huyu, jina hilo halifai. Uswisi haina mtama, na Kigezi haihitaji kuazima sifa.

Sasa tumefika mahali pazuri kuliko pote. Kutoka Kabale kwenda Kisoro ni kilomita zisizopungua 70. Zamani sehemu hii ilikuwa ya changarawe na tope, na mvua za Aprili zilipokolea msafiri aliaga nyumbani kama aendaye baharini. Lami ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 2010, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na tangu hapo safari ya nusu siku imekuwa ya saa moja na nusu au mbili. Maporomoko ya udongo hata hivyo hayajaacha. Masika yakiwa makali barabara huzibwa, na magari hupanga foleni kungojea tingatinga.

Mara tu baada ya kupanda kutoka Kabale, upande wa kushoto, chini kabisa, ziwa Bunyonyi hufunuka. Wengi wa abiria hunyamaza. Ziwa hili liko mita 1,962 juu ya usawa wa bahari, na visiwa vyake vinahesabiwa kuwa 29. Wataalamu husema lilizaliwa pale lava ya volkano ilipoziba bonde la mto, na ndiyo maana lina umbo la mkono wenye vidole vingi vilivyojipenyeza kati ya vilima. Jina lake maana yake ni mahali pa ndege wadogo. Hamna mamba wala viboko, na asubuhi watoto huvuka kwenda shule kwa mitumbwi iliyochongwa kwa gogo moja, wamevaa sweta za shule, pumzi zao zikionekana hewani. Hii ndiyo pwani yetu ya pili, na tofauti yake na ile ya Nakivale ni kama tofauti ya kisima na shimo la chumvi.

Uzuri huu nao una visiwa vyenye visa. Kisiwa cha Akampene ni mawe na nyasi na mti mmoja au miwili. Huko, katika zama za kale, msichana aliyeshika mimba kabla ya kuolewa alipelekwa na kuachwa afe kwa njaa, isipokuwa atokee kijana asiye na mahari wa kumchukua. Jirani yake ni Bwama, ambako daktari Mwingereza Leonard Sharp, aliyefika Kabale mwaka 1921, alijenga makazi ya wagonjwa wa ukoma mwaka 1931. Watu waliokimbiwa na ndugu zao walilima, wakajenga, wakaoana na kuzikana kisiwani hapo. Dawa mpya zilipopatikana makazi yalifungwa, na siku hizi majengo yake ni shule.

Barabara huliacha ziwa karibu na Muko, huvuka bonde la mafunjo, kisha huingia katika msitu wa Echuya. Hapa baridi huwa ya kweli. Mianzi husimama pande zote mbili, ukungu hukatika vipandevipande kati yake, na madirisha ya gari hufungwa. Msitu huu, pamoja na Bwindi na Mgahinga, ulikuwa makao ya Watwa, ambao waliishi humo kwa kuwinda na kurina asali. Mwaka 1991, wakati Bwindi na Mgahinga zilipofanywa kuwa hifadhi za taifa, Watwa walitolewa bila ya fidia. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikubali kwamba walitendewa isivyo haki. Wengi wao wangali wakiishi kandokando ya msitu, katika vibanda vilivyojengwa juu ya ardhi ya watu wengine.

Na baada ya mianzi, Kanaba. Mtu anayepita hapa kwa mara ya kwanza, ikiwa mbingu ni safi, hapaswi kulala. Gari hupinda kona moja, na ghafla nchi yote ya Bufumbira iko chini ya miguu, na nyuma yake milima mitatu ya volkano imesimama mstari mmoja: Muhabura mita 4,127, Gahinga 3,474, na Sabinyo, mlima wenye vilele vilivyochakaa ambao juu yake hukutana Uganda, Rwanda na Kongo. Majina yake yamepewa na watu waliokuwa wakitazama vizuri. Sabinyo ni meno ya mzee. Gahinga ni rundo la mawe, kama yale ambayo mkulima huyakusanya pembeni mwa shamba lake la lava. Muhabura ni mwonyesha njia.

Kutoka Kanaba barabara huteremka kwa kona nyingi, ikipita juu ya ziwa Mutanda lenye visiwa vyake, hadi Kisoro. Mji ni mdogo, umejengwa juu ya mawe meusi, na una hoteli moja yenye sifa kubwa kuliko ukubwa wake. Ni Travellers Rest, ambayo Mjerumani Walter Baumgärtel aliishika mwaka 1955, akawa miongoni mwa watu wa kwanza kuwaleta wageni kutazama masokwe. Mwaka 1967 mtafiti Mmarekani Dian Fossey alipotoroka vurugu za Kongo, alivuka kwenye mpaka huu huu na kupata hifadhi hotelini hapo. Alipewa chumba na chai. Kisha akaenda Rwanda kuendelea na kazi yake.

Kilomita chache kutoka mjini ni Nyakabande, na hapo ndipo wageni wengine wa mpaka huu hupokelewa. Ni kituo cha muda. Wavukao huandikishwa, hupimwa afya, hupewa uji na blanketi, kisha hungojea mabasi. Vita vya Kivu vimekijaza na kukimwaga kituo hiki mara nyingi. Ilikuwa hivyo Julai 2012, waasi wa M23 walipoiteka Bunagana kwa mara ya kwanza, na ikawa hivyo tena tarehe 13 Juni 2022, walipoiteka kwa mara ya pili. Ajabu ya mambo ni kwamba Kongo ilikuwa imetia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki miezi miwili tu kabla ya hapo, Aprili 2022. Mipaka ilipaswa kufunguliwa kwa ajili ya bidhaa. Waliovuka walikuwa akina mama wenye magodoro vichwani.

Mji wa Bunagana wenyewe umekatwa katikati na mpaka. Kwa desturi mwanamke wa upande mmoja huvuka asubuhi kuuza maharage upande wa pili na kurudi jioni, na ndugu huoana, huzikana na kudaiana kuvuka mstari huo. Mwaka 2025 upande wa Kongo ulikuwa ungali mikononi mwa waasi. Vilima vya Rutshuru huonekana kutoka barabarani, vya kijani, vimelimwa vizuri, na ni vigumu kwa msafiri kuamini kwamba watu wanaikimbia nchi kama ile.

Wale wanaoikimbia ni wakulima, nalo ni jambo ambalo hapana budi tulieleze, kwa sababu ndilo linalofanya safari ya kurudi iwe nzito kuliko ya kuja. Rutshuru na Bufumbira ni nchi ya udongo mweusi wa volkano, mvua ya kutosha, viazi na maharage. Basi la Nyakabande huwachukua wakulima hao na kuwashusha Isingiro, mahali pakavu, ambapo kiazi mviringo hakitaki na mvua haiaminiki. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 ni ya ukarimu: mkimbizi ana haki ya kufanya kazi na kwenda atakako, na hupewa kipande cha ardhi. Lakini kadiri watu walivyoongezeka ndivyo kipande hicho kilivyopungua, na sasa wengine hupata nafasi ya kujenga nyumba na kupanda mboga tu. Wenyeji wa Isingiro nao wanahitaji malisho na mashamba, na kesi za mipaka ya ardhi si chache.

Kisha kuna chakula. Mei 2025, kwa upungufu wa fedha za wafadhili, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwaondoa katika orodha ya mgao watu wapatao milioni moja kati ya wakimbizi waliomo Uganda. Mtu aweza kusifu sera ya milango wazi kadiri apendavyo, na inastahili kusifiwa. Lakini robo ekari ya nchi kavu bila ya mgao haimlishi mtu mwenye watoto sita. Ndiyo maana vijana wengi wa Nakivale hawakai Nakivale. Huenda Mbarara kubeba matofali, kushona, kuendesha bodaboda, au hurudi Kisoro, karibu na kwao, kungojea habari.

Mabasi ya kutoka Nyakabande hupanda Kanaba kwa gia ndogo. Wenye kukaa upande wa nyuma huweza kuuona Muhabura mpaka ile kona ya mwisho. Echuya watoto hufunikwa mablanketi waliyopewa kituoni. Bunyonyi hupitwa, Kabale hupitwa, na kuelekea Ntungamo jua huanza kuchoma kupitia vioo. Hapo sweta huanza kuvuliwa, moja baada ya nyingine, na kukunjwa na kutiwa ndani ya mabegi, chini kabisa, kwa kuwa Isingiro hazitahitajiwa.